Fundi wa Gemu: Nilitaka tani 130, mgodi umenimwagia elfu moja

SWALI: Fundi habari za saa hizi. Mi nacheza OpenTTD, ile gemu ya kujenga reli na kusafirisha mizigo, siku nyingi, juzi nikasema ngoja na mimi nijaribu modi (nyongeza ya gemu) yangu ndogo ya viwanda, nikaandika kwa NML, ile lugha ya kuandikia modi, kwenye mgodi wa makaa nikaweka `produce_cargo("COAL", 130)` nikijua utatoa tani 130 kwa mwezi, basi. Nimeanza gemu mpya, mgodi mmoja unatoa 720, mwingine umepita 1500, stesheni imejaa makaa na treni zimepanga foleni hadi kwenye reli kuu. Nimekosea wapi, au ni bagi?

JIBU: Bagi hakuna mdogo wangu, na usijilaumu sana maana hilo shimo wengi tumeshatumbukia. Ile namba sio ya mwezi. Ni ya mzunguko mmoja wa uzalishaji, na mzunguko unakuja kila baada ya tiki 256, tiki ni yale mapigo madogo madogo ya saa ya gemu. Siku moja ya gemu ina tiki 74, kwahiyo mwezi wa siku 30 una tiki 2220, gawa kwa 256 unapata 8 na kitu. Ndo maana mwezi huu mgodi unazalisha mara 8 ujao mara 9, na ndo maana pia hata mgodi usiokuwa na modi yoyote unaona unacheza cheza, mwezi huu tani 120 mwezi mwingine tani 135, watu wanadhani umepanda kumbe ni kalenda tu. Mgodi wa makaa wa gemu yenyewe umewekewa 15. Ukitaka 130 hivi kwa mwezi namba yako ni hiyohiyo 15, wewe umeweka karibu mara 9 yake.

Sasa kwanini migodi miwili ya modi moja inapishana hivyo? Kama hujatumia kolibaki za uzalishaji (vipande vya kodi ambavyo gemu inaviuliza ifanye nini) na kwenye mipangilio uchumi haujawekwa ule wa zamani (Original), mgodi ukizaliwa gemu inarusha kete, unapata kati ya nusu ya namba yako na mara moja na nusu. Huo wa 720 uliangukia kwenye 80 au 90 kwa mzunguko, mwenzie kama 170 na ushee. Na jua kabisa kuna dari, kwa mzunguko mmoja mgodi hauvuki 255 kwa aina moja ya mzigo, sasa ukianza na 130 umeshakula nusu ya nafasi ya kukua kabla hata treni ya kwanza haijafika.

Halafu hesabu ya reli, hii watu wanairuka kabisa. Chukua treni ya vigae 7, kichwa kimoja na mabehewa 13 ya tani 20, hapo unabeba tani 260. Mgodi wa tani 1500 ukichukua asilimia 70 ni tani 1050, yaani treni 4 zimejaa kila mwezi kutoka mgodi mmoja tu, weka na muda wa kupakia, weka na njia panda ya kuingilia stesheni. Mimi binafsi sivuki 25 kwa mzunguko kwenye modi zangu. Sio kwamba gemu inakataa, ila nikivuka hapo najikuta kazi yangu ni kupanua stesheni basi, reli zenyewe sizifurahii tena.

SWALI: Mkuu, mi sitaki kuandika modi wala nini, nataka tu mgodi mmoja kwenye sevu yangu ya zamani uongezeke kidogo. Nikipachika modi ya viwanda katikati ya gemu itakubali?

JIBU: Inaweza ikakubali halafu ikakulipukia mbele ya safari, usifanye hivyo kwenye sevu unayoipenda. Kubadilisha NewGRF (ndo yale mafaili ya modi) gemu ikiwa inaendelea kunaweza kuharibu sevu, na lile onyo inalotoa gemu sio mapambo. Kama ni mgodi mmoja, bonyeza Ctrl+Alt+C, menyu ya kuchakachua itafunguka, washa kile kipengele cha kubadilisha uzalishaji, kisha fungua dirisha la mgodi wako utaona vimshale vya kupandisha na kushusha. Ni kwa anayecheza peke yake tu, kwenye seva na wenzako hiyo sahau.

SWALI: Fundi mgodi wangu wa chuma naubebea zaidi ya asilimia 70 kila mwezi na bado umeshuka mara mbili mfululizo!! Nataka modi ya kuzuia huu uonevu.

JIBU: Pole, ila sio uonevu, ni bahati mbaya. Kwenye uchumi ule wa taratibu (Smooth) kila mwezi mzigo una nafasi kama 1 kwa 22 ya kubadilika, na ukibadilika unapanda au kushuka kwa asilimia 3 hadi 23. Ukibeba zaidi ya asilimia 60 unakuwa na nafasi angalau 2 kati ya 3 za kupanda, ile ya kushuka bado ipo, na wewe imekupata mara mbili. Ukibeba pungufu ya hapo inageuka, nafasi 2 ni za kushuka.

Kabla ya modi nenda kwenye mipangilio uweke uchumi ulioganda, hapo hakuna kinachopanda wala kushuka. Ukitaka sheria zako mwenyewe ndo unaingia kwenye kolibaki ya `monthly_prod_change`. Angalizo tu, ukishaiweka, kwa kiwanda hicho ule utaratibu wa taratibu hauhusiki tena. Kuna jamaa walirudisha jibu la kuzidisha mara mbili wakaona raha. Kiwango cha uzalishaji kinaanza 16, hiyo ndo mara moja, kinaenda 32, 64, mwisho 128, ambayo ni mara 8, kwahiyo hata mgodi wako mpole wa 15 unafika 120 kwa mzunguko, na huyo tani elfu moja na zaidi amerudi mlangoni. Mimi natumia lile la kuongeza 1 tu, `CB_RESULT_IND_PROD_INCREMENT_BY_1`, linakwenda polepole na una muda wa kujenga reli ya pili.

SWALI: Nimeongeza madini ya chuma mara mbili lakini kiwanda cha chuma hakijaongeza kitu. Kwanini?

JIBU: Kiwanda cha kusindika hakina namba yake, kinatoa kulingana na unachokipelekea. Kwenye NML ni `accept_cargo("IORE", produce_cargo("STEL", 1))`, tani moja ya madini inaingia, tani moja ya chuma inatoka, ukiandika 0.5 unapata nusu. Kwahiyo kama chuma hakijaongezeka, basi yale madini ya ziada hayajafika kiwandani, yamekaa stesheni. Angalia alama za stesheni ya mgodi, treni ikichelewa kurudi zinashuka na mzigo unaopewa unapungua hata mgodi uzalishe vipi. Ongeza treni ya pili halafu niandikie tena.