Maswali machache ya kompyuta baada ya kiharusi

Dada, pole kwa kuuguza. Unauliza kama kipimo cha kompyuta kilichomuuliza mama maswali tisa tu, tena tofauti na ya mgonjwa wa jirani, kinaaminika. Kinaweza kuaminika kabisa. Programu za aina hii huchagua swali kwa kuangalia jibu lililotangulia: mtu asiyeweza kuketi bila kuegemea, ya nini kumuuliza habari za kupanda ngazi? Ikipata uhakika wa kutosha, inasimama. Linganisha na Fugl-Meyer, kipimo cha kupima viungo baada ya kiharusi kisichochagua maswali: sehemu yake ya mjongeo pekee ina vipengele 50. Aliyepooza upande mmoja anaweza kuchoka kabla hakijaisha.

Ila hizo alama mbili unazosema mama amepanda tangu kipimo kilichopita, usizishangilie bado. Kila kipimo kina kiasi chake cha makosa, kwa hiyo muulize mtaalamu wa mazoezi tiba ni tofauti ya alama ngapi inayohesabika kuwa nafuu ya kweli. Na nani alijibu maswali ya kompyuta? Kama ni wewe kwa sababu mama hasemi vizuri, hilo liandikwe, na safari ijayo ujibu wewe tena. Majibu ya ndugu mara nyingi hutofautiana na ya mgonjwa mwenyewe. Omba pia atazamwe akiinuka kitini na kutembea.