Barua kwa mwanangu: ukialikwa kuchoma nyama ugenini

Mwanangu,

Umeniuliza uende na nini kwa hao wageni wenzako waliohamia nyumba mpya, wakawaalika mchome nyama uani, na ufanyeje wakikukabidhi koleo usimamie moto.

Kwanza muulize mwenyeji mapema kama kila mtu anakuja na nyama yake, na nani hali nini. Watu waliokutana ugenini wana miiko tofauti: huyu hagusi nguruwe, yule hali nyama kabisa. Chakula chao kitangulie wavu ukiwa safi, kwa koleo lake. Likiwepo jiko la pili, bora zaidi.

Kadiria gramu 200 hadi 250 za nyama mbichi isiyo na mfupa kwa mtu mmoja, au kama gramu 400 ikiwa na mfupa. Ukichagua kuku, beba mapaja. Kidari hukauka upesi. Viungo vya chumvi na vitunguu vinaweza kulala na nyama usiku kucha, lakini ndimu au siki itie saa chache tu kabla, kwani ukali wake hulegeza nyama ya juu ikawa kama uji. Asali na sukari huungua haraka, hivyo zipake dakika za mwisho. Safirisha nyama kwenye chombo kisichovuja, ndani ya kasha lenye barafu. Nje ya baridi isizidi saa 2, au saa 1 ikiwa joto limepita nyuzi 32 za Selsiasi.

Sasa moto, ambapo wengi huharibu kwa haraka. Rundika mkaa, uwashe, kisha ngoja dakika 20 hadi 30 mpaka uvae jivu la kijivu. Usiumwagie petroli wala spiriti. Mwali huweza kupanda ukaifuata chupa mkononi. Ukishakolea, usukumie wote upande mmoja. Upande wa makaa ni wa kubabua nyama ipate rangi, upande mtupu ni wa kuivisha taratibu kwa kufunika. Kuku anayewekwa juu ya makaa mwanzo hadi mwisho huwa mweusi nje na damu mfupani. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, hamisha nyama na ufunike jiko. Maji hurusha majivu na mafuta ya moto.

Usiamini rangi. Nunua kipimajoto cha nyama, kichomeke sehemu nene kuliko zote bila kugusa mfupa: kuku nyuzi 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71. Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa zaidi juu, ambako moto huwaua mapema. Mashine ya kusaga huwachanganya mpaka ndani. Sahani iliyobeba nyama mbichi isipokee iliyoiva, na rojo ya viungo iliyobaki baada ya kulowekea nyama mbichi isipakwe juu ya nyama mpaka ichemshwe. Watu huumwa matumbo kwa sahani hiyo, halafu lawama wanampa kuku.

Ikiwa ni ghorofani, mwenyeji asome mkataba wake wa pango, kwani mara nyingi mkaa hauruhusiwi barazani. Mvua ikinyesha, atakuwepo mtu wa kusema jiko liingizwe ndani au kwenye gereji yenye mlango wazi. Kataa, hata kama makaa yanafifia. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, na inaua.

Zawadi isikusumbue. Aliyehama juzi hajui hata kisu kiko boksi gani, kwa hiyo maua bila chombo ni kazi ya ziada kwake. Mpelekee barafu, taulo za karatasi, mifuko ya taka na koleo la akiba. Koleo ndilo husahaulika. Kabla ya kuondoka mkumbushe majivu yasiingie kwenye pipa la plastiki usiku huo. Yanaweza kuficha kaa la moto hata siku mbili.

Mama yako