Usimimine saponini kabla hujayajua mafuta yako

Mara ya kwanza kuachiwa tangi la majaribio la kusafisha maji machafu yenye mafuta, nilitia saponini, ile sabuni ya asili itokayo kwenye mimea, bila kipimo, nikijiambia kama kidogo kinasafisha, kingi kitang'arisha. Robo saa haikupita, maji yakawa meupe kama maziwa na povu linateremka ukutani hadi kwenye viatu vyangu. Mafuta yaliyokuwa yakielea juu, ambayo ningeyaengua tu, nilikuwa nimeyazamisha mwenyewe.

Basi wewe unayeanza, tazama kwanza. Chota maji kwa chupa ya kioo, yaache yatuame saa moja. Yatakayopanda juu ni mafuta huru. Yaengue, hayataki dawa. Chini pakibaki peupe, una emalsheni, yaani mafuta yaliyotawanyika majini kwa matone madogo mno: ya chini ya mikromita 20 hivi. Tone likipungua kipenyo mara 10, kasi yake ya kupanda hupungua mara 100, kwa hiyo hata ukilala hapo hapo utayakuta vilevile.

Saponini ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Ndiyo maana hung'oa mafuta kwenye tope na kwenye utando wa chujio uliozibwa, na ndiyo maana pia huyavisha matone koti yasiungane. Mimi huipeleka zaidi kwenye kuosha tope. Emalsheni naivunja kwa asidi au shabu, maana matone yale kwa kawaida yana chaji hasi na husukumana. Ukitaka kuijaribu saponini hapo, panga bika (vikombe vya maabara) sita, uongeze kidogo kidogo, na moja usiitie kitu. Hiyo moja wageni wengi huiruka, kisha hawajui wanalinganisha na nini.

Neno "mimea" nalo lisikulaze. Saponini huua samaki. Kuna wavuvi waliovua kwa mimea ya aina hiyo tangu zamani. Tena yenyewe ina kaboni: mafuta yanaweza kushuka huku COD, kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu ulio majini kwa kemikali, ikipanda, nawe ukabaki unaitafuta hitilafu kwenye mashine.

Sampuli ya kupima mafuta usiigawe kamwe. Itie asidi hadi pH ishuke chini ya 2, itumie chupa nzima, halafu suuza chupa yenyewe kwa kiyeyushi. Niliwahi kumimina nusu, nikapata namba nzuri, nikamwita bosi aje aone. Aliinua chupa kwenye mwanga, akapitisha kidole shingoni, akanionyesha kidole: kinang'aa mafuta.