Re: Nifanyeje biti zangu zisifanane na za kila mtu?

Mkuu, umesema kila biti unayotengeneza inatoka kama amapiano ya mtu mwingine, na unauliza ununue programu gani. Usinunue kitu kwanza. Tatizo ni malighafi: ukitumia sauti zilezile za kupakua walizonazo maelfu ya watu, mkono wako utasikika wapi?

Angalia singeli ya Dar. Vijana wa uswahilini walichukua vipande vya taarabu na mchiriku (muziki wa mtaani wa Dar), wakavizungusha na kuvikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, kwa kompyuta za kawaida tu. Sisso Studios ya Mburahati ni mfano mzuri. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wao wa nyimbo, Sounds of Sisso. Uusikilize wote, hasa ngoma zilivyopangwa.

Sasa fanya hivi. Rekodi kwa simu konda akigonga bodi ya daladala. Ingiza kwenye programu uliyonayo, kata kelele za mwanzo ubaki na pigo lenyewe, kisha lishushe nusutoni 12, yaani oktavu nzima. Unapata kiki (lile pigo zito la chini la ngoma) yenye mkwaruzo wa bati ambayo haimo kwenye pakiti yoyote ya sauti za kupakua. Pandisha pigo hilohilo juu, punguza mkia (mlio unaobaki baada ya pigo), umepata hi-hat, ile sauti kali ya tasa za ngoma.

Jiwekee na mpaka: sauti tano tu kwa wimbo mzima. Hapo utalazimika kuzichokonoa kweli, na ladha yako itajitokeza. Ukipata kipande, kiweke hapa tukisikilize.