Ukienda Cotacachi kununua ngozi, nenda katikati ya wiki

Wengi wakifika kaskazini mwa Ecuador wanaishia Otavalo, soko la Plaza de Ponchos siku ya Jumamosi, na kweli soko ni zuri ila watu wamejaa balaa. Mi nakushauri upande basi lingine, hata nusu saa haifiki, ushuke Cotacachi. Ka-mji kamepoa, kako bondeni chini ya mlima wa volkano wenye jina hilohilo. Wikiendi watu wa Quito, mji mkuu, wanakuja shopping, so nenda Jumanne Jumatano hivi.

Mtaa wa ngozi unaitwa 10 de Agosto, majaketi, mabuti, mikoba, mpaka matandiko ya farasi, na harufu inakupokea kabla hujaingia dukani. Usinunue duka la kwanza. Jaketi ligeuze, angalia bitana ilivyoshonwa kwapani maana hapo ndo huwa panaachia mwanzo, vuta zipu mara kadhaa, halafu cheki ukingo wa mkanda pale ulipokatwa, ngozi yenyewe ina nyuzinyuzi, ya bandia utaona plastiki juu kitambaa chini. Kuna duka niliambiwa ni ngozi tupu kumbe mgongoni wamechomekea feki! Bei inapungua, ila sio kama Kariakoo, ukitaja nusu bei unamkera mtu bure. Mikono ikiwa mirefu uliza fundi, yangu ilifupishwa wakati nakula.

Na msosi wa hapo ni carne colorada, nyama iliyopakwa rangi nyekundu ya achiote (mbegu za kiungo chekundu), inakuja na viazi, mahindi ya kuchemsha na parachichi. Kama huli nguruwe uliza ni nyama gani kabla hujaagiza.

Hela ni dola za Marekani tangu 2000, beba noti ndogondogo, ya 50 au 100 wataikataa. Na usidanganyike na ikweta, mji uko kama mita 2,400 juu, jioni sweta lazima. Ziwa Cuicocha lililo ndani ya kreta liko juu zaidi, mita 3,000 na ushee, nenda asubuhi kabla ukungu haujashuka.

Ukiwa mweusi utaulizwa kama umetoka Chota, ni bonde la jirani la Waekwado weusi, wachezaji kibao wa timu ya taifa wametokea huko, mi nilikuwa nacheka tu.

Mwezi wa 6 kuna Inti Raymi, sikukuu ya jua ya wenyeji wa Andes, wacheza ngoma wa vijijini wanaingia uwanja wa kanisa wakikanyaga kwa vishindo, ila vikundi huwa vinapigana kweli na polisi wanarusha mabomu ya machozi, kwa hiyo tafuta ghorofa uangalie ukiwa juu.