Supu nzito bila ngano: achana na kisufuria cha pembeni

Juzi msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu, na nusu ya ujumbe wenyewe ilikuwa kuniomba radhi kwa usumbufu. Dada yangu, hunisumbui. Anasema tangu daktari amwambie aachane na gluteni, yaani ngano na jamaa zake, jikoni kwake kuna sufuria mbili. Ile kubwa ni ya familia, ina supu iliyokolezwa unga wa ngano kama siku zote. Pembeni kuna kisufuria chake, chenye "maji ya moto yanayonukia karoti". Hayo ni maneno yake, si yangu. Anachouliza ni kimoja: aweke unga gani kwenye hicho kisufuria ili supu yake iwe nzito kama ya wenzake?

Jibu ninalo na nitalitoa. Ila kwanza tuongee kuhusu kisufuria, maana nami nimekula humo, na nawajua wengi mnaonisoma hapa mngali mnakula humo mpaka leo.

Habari za vipimo nitaziruka. Mnazijua: damu, kamera ya tumboni, kusubiri, halafu jina la ugonjwa: siliaki. Nilirudi nyumbani na karatasi mkononi, nikajieleza vizuri kwa watu wangu. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka nyingine jamaa ya ngano. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia utumbo mwembamba, vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinalala, na ndiyo maana mtu anakula vizuri na bado anaishiwa damu. Dawa yake ni kutoila maisha yote. Walinisikiliza. Wakatikisa vichwa. Jioni ile ile wifi yangu mmoja (sitamtaja, anajijua) akaipa supu yangu jina: supu ya mgonjwa. "Mleteeni na ile supu yake ya mgonjwa." Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ukikataa kucheka unaambiwa umekuwa na hasira tangu uumwe.

Nakiri bado inaniuma. Si utani wenyewe, ni jinsi jina lilivyokaa. Watoto walilishika. Wageni walilishika. Mama mkwe, ambaye nampenda sana, aliamini kwa moyo wake wote kwamba ugonjwa wangu umeletwa na intaneti. Kwa faida ya kila mwenye mama mkwe wa namna hiyo: daktari Mwingereza, Samuel Gee, alichapisha maelezo ya ugonjwa huu mwaka 1888. Huko Uholanzi, daktari wa watoto Willem-Karel Dicke akaandika tasnifu mwaka 1950 akionyesha kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza watoto waliokuwa nao. Wakati huo intaneti haijaotwa hata na mtu mmoja, na mama mkwe mwenyewe, kama alikuwa amezaliwa, yuko mgongoni kwa mama yake.

Halafu ikaja siku ya upawa.

Tulikuwa wengi, jikoni kumejaa. Sufuria kubwa inatokota, kisufuria changu kiko pembeni kimefunikwa. Wifi akachota supu yao, akawagawia watu wawili watatu, kisha na upawa ule ule, unachuruzika, ukingoni umeganda vidonge vyeupe vya unga, akafunua kisufuria changu na kuuchovya ndani. Alitaka kuonja ya mgonjwa. Nikaweka bakuli langu chini. Akaniangalia. "Jamani, tone moja tu?"

Ndiyo, wifi, tone moja tu. Watu wanadhani gluteni ni kama vijidudu, ukichemsha imekufa. Haifi, haikuwa hai. Ni protini, na moto wa jikoni hauiondoi. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Kilo nzima, miligramu 20! Sasa pigeni hesabu ya upawa unaochuruzika supu ya unga. Usiku ule nililala njaa, na nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Nyumbani kwangu hakuna tena sufuria mbili. Supu ni moja, haina ngano, na inaliwa na wote.

Hapa ndipo msomaji wangu atasema: sawa, lakini watakubali kunywa maji ya karoti? Hawatakubali, na wana haki. Basi usiwape maji ya karoti. Unga wa ngano kwenye supu ni njia ya mkato ya kuifanya iwe nzito, wala hauleti ladha yoyote ya maana. Mpishi anayeutegemea mara nyingi anaficha sufuria isiyo na kitu. Najua nimewagusa baadhi yenu.

Mimi naanza na dengu nyekundu zilizopasuliwa. Kikombe kimoja, maji vikombe vitano hivi. Kabla ya kuosha, zimwage kwenye sinia jeupe uzichague kwa macho, kwa sababu dengu na nafaka mara nyingi hulimwa, husafirishwa na kufungashwa mahali pamoja. Sambaza kwa kiganja, usogeze taratibu. Punje ya ngano utaiona: ndefu kuliko dengu, rangi ya kahawia iliyofifia, na ubavuni ina mfereji mmoja uliokwenda toka ncha hadi ncha. Ukiiona moja, chagua sinia lote upya. Ni kazi ya dakika chache, na nimeshazikuta punje hizo kwenye pakiti ambazo kwa nje zilionekana safi kabisa.

Kaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka kingo zianze kuwa za dhahabu. Msiharakishe hapa. Kitunguu kilichoiva polepole ndicho kitakachowafanya watu waulize umeweka nini. Tia kitunguu saumu, tangawizi, bizari ya nyembamba, uache viungo vinukie, kisha dengu na maji. Kwa dakika kama kumi za mwanzo utaona dengu zinaelea elea kila moja kivyake na maji yamejitenga, na utaanza kunilaani. Vumilia. Kwenye dakika ya ishirini hivi kingo zake zinaanza kuyeyuka, rangi inageuka kutoka nyekundu kuwa njano, na ukikoroga mwiko unaanza kupata upinzani. Hapo ndipo uzito unapotoka, na hujagusa unga wowote. Nyanya na ndimu ziingie mwishoni, dengu zikishalainika, kwa sababu uchachu unazichelewesha kuiva. Bila shaka aliyepata maji ya karoti alitia nyanya mapema. Wengi hufanya hivyo.

Kiazi nacho ni rafiki mkubwa. Kata viwili vitatu vipande vidogo, viive mpaka vikatike vyenyewe, kisha viponde kwa mgongo wa mwiko humo humo ndani ya sufuria. Usivisage kwa blenda muda mrefu, wanga wake unageuka gundi. Ukiwa na haraka, kwaruza kiazi kimoja kibichi moja kwa moja kwenye supu inayochemka, koroga, ipe dakika kumi.

Maharage yanafuata mkondo huo huo: chota pawa mbili za yaliyoiva, ponda, rudisha. Ila maharage mekundu yaheshimiwe. Yana sumu yake ya asili ambayo moto hafifu hauiondoi. Yaloweke saa zisizopungua tano, mwaga maji hayo, weka mapya, uyachemshe kwa nguvu dakika zisizopungua kumi kabla ya kupunguza moto. Yale majungu ya umeme yanayopika polepole hayafai kwa kuanzia maharage mekundu mabichi.

Na mifupa. Chagua ya magoti, mkia, shingo, sehemu zenye mishipa na gegedu, si mifupa mitupu. Anza na maji baridi, engua povu, halafu moto uwe mdogo kiasi kwamba viputo vinapanda kimoja kimoja. Saa kadhaa baadaye zile kano zinakuwa zimeyeyuka, na supu ikipoa inaganda na kutikisika. Supu ya namna hiyo inabaki mdomoni, inanata midomoni. Mtu akiinywa hawezi kukwambia imepungukiwa unga.

Sasa lile swali lenyewe la unga, nilijibu tumalizane nalo. Konflawa, yaani wanga wa mahindi. Kijiko kimoja cha chakula kwa vikombe viwili vya supu, ukoroge kwanza kwenye maji baridi, umimine huku unakoroga, uache ichemke dakika moja au mbili. Ngano ina protini pamoja na wanga, konflawa ni wanga karibu mtupu, ndiyo maana kidogo chake kinatosha. Soma pakiti uhakikishe haikuchanganywa na kitu kingine. Mimi mwenyewe natumia mara chache.

Kuliko unga, ogopeni viungo vya dukani. Vile vipande vya kukolezea supu vinaweza kuwa na ngano au kimea cha shayiri. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja, ingawa ni nyeusi na nyembamba na haifanani na unga hata kidogo. Soseji na nyama za kusindika, vivyo hivyo. Wengi wanapika supu safi kwa saa tatu, wakaiharibu dakika ya mwisho kwa kipande kimoja cha kukoleza, halafu wanalalamika kwamba mlo huu haufanyi kazi. Soma pakiti. Isome tena ukinunua nyingine, maana watengenezaji hubadilisha mchanganyiko bila kukuaga. Na chujio lililozoea kuchujia tambi za ngano, pamoja na mwiko wa mti wenye nyufa, vitafutie wenyewe wengine. Nunua vyako.

Wifi? Wifi alikuja mwezi uliopita. Nilikuwa nimepika dengu juu ya mchuzi wa mifupa, viazi ndani, juu nimekamulia ndimu na kunyunyiza giligilani. Sikusema lolote. Akala bakuli, akala la pili, akauliza unga gani huu, nikamwambia hakuna unga. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninacho chombo chenye kifuniko cha kubebea. Ninacho. Nilimpa kile kidogo.

Jamani wenzangu, tuache kula kama watu wanaoomba samahani. Umepewa mwili unaokataa ngano, hujaiba kitu. Unapojipikia kisufuria chako pembeni unawafundisha watu wa nyumbani kwamba chakula chako ni adhabu, na wao watakuamini, kwa sababu wanakuona unavyokila umeinamisha kichwa. Pika sufuria kubwa. Ijaze. Anayetaka mkate wake na ale mkate wake upande wa pili wa meza, makombo yakae huko huko. Wasikuambie ni gharama: dengu, viazi na mifupa havijawahi kuwa vyakula vya kujionyesha. Wala wasikuambie unaringa. Na wewe ambaye hujapimwa ila umesoma haya ukahisi tumbo lako linasemwa, usiache ngano leo. Nenda upimwe kwanza ukiwa bado unaila, kwa sababu ukishaiacha vipimo vinaweza kutoka safi wakati ugonjwa unao, na utabaki maisha yote unabishana na wifi bila karatasi.

Mwishoni mwa ujumbe wake dada yule aliuliza pia kuhusu kugandisha, maana anafanya kazi zamu za usiku. Supu ya dengu na ya mifupa hugandishwa bila shida. Iliyokolezwa konflawa ikiyeyuka huachia maji, na vipande vya viazi huwa vya mchangamchanga, kwa hiyo viponde kabla. Usiiache sufuria mezani usiku kucha ipoe yenyewe: igawe kwenye vyombo vya kina kifupi, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Ukiipasha ongeza maji ya moto kidogo, kwa sababu dengu huendelea kunywa maji hata zikiwa kwenye baridi, na asubuhi utakuta supu imekuwa uji. Onja chumvi tena baada ya kuongeza maji. Na kwenye kile chombo andika jina la supu, lisiwe jina la mgonjwa.