Ndugu akitoka Dar na homa, mpelekeni kupima

Swali lenu la wiki hii ni kama sisi wa mikoa ya baridi tuna haja ya kuiogopa dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Nasema tunayo, na nina sababu.

Mwaka 2019, dengue ilipopamba moto Dar es Salaam, mdogo wangu aliyekuwa akiuza viatu soko la Karume alipanda basi akaja nyumbani Uyole, Mbeya. Alishuka stendi ya Nane Nane jioni anatetemeka. Mama akasema, "Ni baridi tu, mwanangu, umezoea joto la pwani." Kulipokucha hakuweza kugeuza macho kwa maumivu, ukimgusa kiuno analia, mtu mzima yule. Jirani akakimbia duka la dawa, akarudi na dawa mseto ya malaria na diklofenaki ya maumivu. Kupima, hakuna aliyekumbuka. Kwetu homa ni malaria. Akameza mchana, akameza usiku. Siku ya pili fizi zikawa zinavuja damu, foronya ina madoa, na mikononi vipele vyekundu kama ameingia kwenye siafu. Baba akasema hatusubiri, akaita bajaji. Hospitalini nesi aliuliza kwanza, "Ametoka wapi?" Wakamwachisha vile vidonge, wakampa dripu na parasetamoli, damu ikawa inapimwa kila asubuhi. Akapona dengue ile, nashukuru Mungu.

Vile vidonge vya dukani ndivyo vinavyoniuma hadi leo. Dengue haina dawa ya kuua kirusi chake. Mgonjwa hunywa maji, hupumzika na kuangaliwa. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu, nasi tunauziwa kama pipi.

Kuhusu mbu wenyewe, kadiri ninavyoandika naona nipunguze ukali. Aedes, mbu anayeeneza dengue, anapenda joto, na Uyole ya Julai mnaijua. Kwa hiyo mtu wa hapa au wa Makambako akiniuliza kama akeshe akiwaza mbu wa dengue, nitamwambia hapana. Wa Kyela asinifuate: kule ni joto, mbu huyo huuma mchana, chandarua cha usiku peke yake hakimtoshi, na mayai yake hukaa makavu miezi kadhaa ndani ya tairi kuukuu yakingoja mvua. Wenye gereji wayatoboe matairi hayo au wayafunike.

Mdogo wangu amesharudi Karume. Virusi vya dengue viko aina nne, na ukiugua mara ya pili kwa aina nyingine unaweza kuzidiwa zaidi. Huyo ndiye ninayemhofia.